Pipa na Ngozi

Tunduma karibu kila mtu ni mgeni. Mwenyeji ni Mnyamwanga, na hata yeye hakuachwa salama: mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi huko Ulaya, mstari wao ukapita katikati ya koo zake, ndugu wengine wakabaki huku na wengine wakajikuta upande ambao leo ni Nakonde, Zambia. Sisi wengine tumeletwa na barabara, reli au biashara. Mnyiha katoka Mbozi kwenye kahawa, Mndali katoka milima ya Ileje, Mkinga kafungua duka la jumla, Mchaga akafungua la kwake mkabala, na dereva anayesubiri karatasi za mzigo wa Lubumbashi keshazoea kupika chini ya tela. Mkoa wenyewe ni mchanga: Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.3 mkoani, na zaidi ya laki mbili kati yao wako Tunduma, mji ambao wazee wanaukumbuka ukiwa kituo tu cha kuvuka.

Mji wa namna hii una ngoma ya nani?

Ukiuliza utaonyeshwa kikundi cha ngoma siku anapokuja kiongozi. Wanachukuliwa kijijini alfajiri, wanavalishwa kaniki na njuga, wanasimama juani mpaka saa saba. Msafara ukifika wanapiga kwa dakika chache, mgeni rasmi anaingia kati anatingisha mabega mara mbili, wapiga picha wanapata walichokitaka, kisha mshereheshaji anasema "asanteni sana wanangoma wetu" na spika kubwa zinachukua nafasi. Wanangoma wanapewa maji na soda. Sisemi kwamba ni vibaya kumpokea mgeni kwa ngoma. Ni adabu ya kale. Ila ngoma ikiishia hapo inakuwa pambo la itifaki, na waliobaki, yaani mji mzima, ni watazamaji. Hakuna mtoto wa Majengo au Sogea anayerudi nyumbani siku hiyo akiwa amejua pigo hata moja.

Nimekuwa nikiwaza jambo hili huku nikisoma habari za taiko, ngoma za Kijapani, na nitaeleza kwa nini mtu wa nyanda za juu kusini ahangaike na mambo ya Japani.

Wengi wetu taiko tumeiona kwenye simu: watu wamefunga vitambaa kichwani, wamepanua miguu, wanapiga ngoma kubwa kwa mwili mzima na kupaaza sauti kwa pamoja. Mtazamaji anadhani hiyo ni desturi ya miaka elfu. Ngoma zenyewe ni za kale kweli. Zimepigwa kwenye mahekalu, kwenye sherehe za mavuno, kwenye ukumbi wa maigizo. Lakini kundi zima la ngoma za ukubwa tofauti, likipiga peke yake jukwaani, lilianza mwaka 1951. Aliyelianzisha ni Daihachi Oguchi wa eneo la Suwa, mkoani Nagano, na kazi yake ilikuwa kupiga dramu katika jazi. Alipewa maandishi ya zamani ya muziki wa hekalu, akaona pigo ni moja tu na la kujirudia, akajiuliza kwa nini ngoma zisigawane kazi kama anavyogawanya yeye mikono na miguu kwenye dramu zake. Akazikusanya: ndogo ishike mwendo, ya kati ijibu, kubwa iweke uzito. Kundi lake la Osuwa Daiko likaonekana kwenye tamasha la sanaa la Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. (Olimpiki hiyo ina jambo dogo linalotuhusu: jirani zetu waliingia uwanjani siku ya ufunguzi kwa jina la Rhodesia ya Kaskazini, na siku ya kufunga, tarehe 24 Oktoba, wakatoka na bendera ya Zambia. Siku hiyohiyo nchi yao ilikuwa imepata uhuru.)

Kwa hiyo taiko tunayoishangaa kama urithi wa mababu ina umri wa babu mmoja tu, na ndani yake kuna jazi ya Wamarekani weusi. Hilo lenyewe lingetosha kumpunguzia mtu woga wa kubuni. Lakini sehemu inayonigusa zaidi haikutokea Japani.

Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwakamata watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa kuzaliwa, ikawafungia kambini jangwani mpaka vita ikaribie kwisha. Waliporudi walikuta nyumba na mashamba vimekwenda. Wazazi wengi wakaamua kunyamaza. Watoto wakalelewa kwa Kiingereza, na mambo ya Kijapani yakafichwa kabatini, maana ndiyo yaliyowaponza. Kizazi cha tatu kilipofika ujanani miaka ya 1960 kilikuta ukimya nyumbani na, nje, Wamarekani weusi wakidai haki zao kwa sauti. Mwaka 1969, katika hekalu la Kibuddha la Senshin mjini Los Angeles, vijana waliokuwa wakirudisha ngoma stoo baada ya sikukuu walianza kuipiga tu, bila mpango, mpaka mikono ikachubuka. Kasisi wao, Masao Kodani, alikuwa mmoja wao. Wakataka kuendelea, lakini ngoma ya Japani huchongwa kutoka gogo moja la mti, na bei yake haikamatiki. Basi wakachukua mapipa ya mvinyo, wakayakwangua, wakawamba ngozi ya ng'ombe wakiivuta kwa jeki za gari. Mwalimu hawakuwa naye. Kundi likaitwa Kinnara. Miaka minne baadaye vijana wa hekalu la San Jose wakaanzisha lao kwa njia hiyohiyo, na leo Amerika ya Kaskazini ina mamia ya makundi, zaidi ya nusu ya wapigaji wakiwa wanawake. Wako waliokuja bila hata tone la damu ya Kijapani, na hawakuulizwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka Luanshya.

Luanshya iko Copperbelt, upande wa pili wa mpaka, na watu wa nyanda hizi waliijua kuliko walivyoijua Dar es Salaam. Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha na Wanyamwanga walivuka kwa miguu kwenda kuchimba shaba, wakarudi na baiskeli, blanketi na maneno mapya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati ule Oguchi akipanga ngoma zake, mtafiti J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma moja mjini Luanshya, akaiandikia kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1956. Ngoma iliitwa kalela. Wachezaji walikuwa vijana wa Kibisa, vibarua wa mjini. Hawakuvaa ngozi wala manyoya. Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na nywele walizichana njia. Walikuwa na mfalme wao aliyevaa suti, na daktari mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu kifuani. Mwanamke alikuwa mmoja tu, nesi, aliyepita kati yao na kioo na leso kuwafuta jasho ili wabaki watanashati. Ngoma zao kubwa zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe.

Mapipa ya mafuta Luanshya, mapipa ya mvinyo Los Angeles. Aliye mbali na mti wa kwao huchukua chombo ambacho mji umemtupia.

Na kalela haikuwa ya kwanza. Ilikuwa mjukuu wa beni, na beni ni hadithi yetu. Ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, vijana walipoyaona matarumbeta na magwaride ya Wazungu wakayageuza yao. Ikashuka Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam, ikagawanyika pande mbili zinazoshindana, Marini na Arinoti. Marini walikuwa na madaha, Arinoti ni watu wa chini. Vita ya Kwanza ikaichukua ikaipeleka kila mahali palipofika askari na wapagazi. Vita ile iliishia huku kwetu: Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilipita nyanda hizi, likaishambulia Fife, jirani na Nakonde ya leo, likaingia Kasama, kisha likaweka silaha chini Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25. Waliosalimika walirudi kwao na ngoma. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeifuatilia beni katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliikuta kuanzia Lamu hadi Nyasa na Copperbelt. Jambo moja linashangaza: popote ilipokwenda iliimbwa kwa Kiswahili, hata kwa watu ambao Kiswahili hawakukijua vizuri.

Sasa angalia beni ilifanya nini, mbali na kucheza. Ilikuwa na vyeo vya wanaume na vya wanawake. Ilikuwa na kiingilio na ada. Mwanachama akiugua alitembelewa, akifa ugenini alizikwa na watu wenye sare, wala si kutupwa na serikali. Kijana aliyeshuka mji asioujua aliuliza tawi la Marini liko wapi, akapata pa kulala. Kwa mgeni hiyo ilikuwa kubwa kuliko muziki. Wakubwa walilitambua hilo pia, wakaogopa. Mwezi Mei 1935 wachimbaji wa Copperbelt walipogoma, na polisi wakaua watu sita pale Luanshya, tume ya serikali ilitumia muda wake kuwahoji watu wa mbeni, kama walivyoiita kule, ikishuku kwamba ngoma ndiyo iliyopanga mgomo. Tume zina mazoea ya kutafuta mchawi mbali na mshahara.

Hivyo ninaposoma kwamba Wajapani wa Amerika "walijenga jamii kwa ngoma", sioni jambo geni lililokuja kutufundisha. Naona jambo letu, lililopita kwenye barabara hii inayoitwa leo TANZAM, tukaliacha likasahaulika. Tulilisahau kwa sababu wenye elimu walilidharau, makanisa yaliliona la kihuni, na baada ya uhuru wizara ya utamaduni, iliyoundwa Desemba 1962 kwa nia njema kabisa, ilitafuta ngoma "halisi" za makabila. Beni haikuwa halisi. Ilikuwa na matarumbeta na kofia za jeshi, haikuwa na kijiji. Ikaachwa nje ya orodha, na pamoja nayo likaachwa wazo kwamba watu wa makabila mbalimbali wanaweza kukaa wakabuni ngoma yao wenyewe na kuishi ndani yake. Kilichobaki ni ngoma ya kabila, ya kuonyeshwa mgeni rasmi.

Au niseme kilibaki kitu kingine kimoja, nacho kiko wazi mno hata hatukioni. Nenda kanisa lolote la Tunduma jioni ya katikati ya wiki utakuta kwaya inafanya mazoezi. Ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Ina sare, ada, faini ya kuchelewa, mfuko wa misiba, safari ya kwenda kuimba Vwawa au Nakonde, na ugomvi wa nani kala hela za sare. Hiyo ndiyo beni, imeokoka. Wamoravian walioingia Mbozi walileta na matarumbeta yao, kwa hiyo hata shaba haikupotea. Mkinga na Mndali wanaosimama bega kwa bega sauti ya pili kila wiki hawahitaji semina ya umoja wa kitaifa.

Ila kwaya ina mlango, na mlango huo una jina la dhehebu. Kijana Mwislamu wa Maporomoko hataingia. Dereva wa Kongo anayekaa siku kadhaa kwenye foleni hataingia. Mtoto wa muuza kwacha anayevuka asubuhi kwenda shule upande mmoja na kulala upande mwingine ataingia akiwa na bahati. Mji wa mpaka unahitaji kitu kimoja kisichouliza dini wala kabila wala pasi, na mpira wa miguu unalifanya hilo kwa wavulana kumi na moja tu kwa wakati mmoja, wengine wakikaa pembeni.

Ngoma inawachukua wengi, na inawachukua wasio na kipaji. Hapa ndipo walimu wa taiko wamefanya jambo la kuigwa. Kinnara hawakuwafanyia watu majaribio ya kuwachuja. Aliyekuja alipewa fimbo. Somo linaanza na mdomo kabla ya mkono. Pigo zito la katikati hutamkwa "don", la ukingoni "ka", mawili ya haraka "doko", na mwanafunzi huimba kipande kizima kwa mdomo mpaka kimkae, ndipo aguse ngozi. Mganda hawezi kushangaa: kila ukoo wa Buganda una mubala wake, pigo la ngoma lenye maneno yake, na mtoto huyajua maneno kabla ya kujua ngoma. Wapigaji wetu wa vijijini nao hufundishana kwa mdomo wakiwa wanachunga. Tofauti ni kwamba wenzetu wa taiko wameifanya njia hiyo kuwa somo la kila wiki kwa mtu yeyote, bibi wa miaka sabini na mtoto wa darasa la pili chumba kimoja, na hakuna anayengoja azaliwe katika ukoo wa wapigaji.

Somo la pili la taiko ni kazi ya mikono. Wanafunzi wa kundi la Kodo, lililoanzishwa kisiwani Sado mwaka 1981, hukaa bweni miaka miwili. Hukimbia alfajiri, hulima mpunga, hupika kwa zamu, hufagia. Kupiga ni sehemu tu ya siku. Makundi ya Marekani yaliyo ya watu wenye kazi zao mchana hayana bweni, lakini yanashona sare yenyewe na kuwamba ngoma yenyewe. Mtu aliyeshika ngozi mbichi inayonuka pamoja na wenzake, akaivuta mpaka vidole vikafa ganzi, haachi kundi kwa sababu ya neno moja la ukali.

Na ngozi ina historia yake. Huko Japani waliotengeneza ngozi na ngoma walitoka jamii zilizobaguliwa kwa karne nyingi, zikidharauliwa kwa kugusa wanyama waliokufa. Mpigaji alishangiliwa, fundi hakuoleka. Mwaka 1987 vijana wa Naniwa mjini Osaka, mtaa wa mafundi hao, waliunda kundi lao la kupiga ngoma zilizotengenezwa na baba zao, wakaliita Ikari, maana yake Hasira. Naipenda sana habari hii kwa sababu inauliza swali ambalo sherehe zetu hazijawahi kuuliza: nani aliichuna, nani aliianika, nani aliiwamba? Siku ya mwenge hatumjui fundi wa ngoma hata kwa jina.

Sitaki kuipamba ngoma kupita kiasi. Inaweza kufunga mlango kama chombo kingine chochote. Burundi ngoma za kifalme zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, Rais Pierre Nkurunziza alisaini amri: wanawake marufuku kuzipiga, kundi lijisajili wizarani, na maonyesho yalipiwe faranga laki tano kwa siku. Ngoma iliyowahi kukusanya watu ikawa mali ya ofisi. Ng'ambo ya mpaka wa Burundi, mjini Butare nchini Rwanda, Odile Gakire Katese alikuwa ameshaanzisha mwaka 2004 kundi la Ingoma Nshya, la wanawake watupu, katika nchi ambayo mwanamke hakuruhusiwa kugusa fimbo ya ngoma. Waliokaa humo ni wajane wa waliouawa katika mauaji ya kimbari na wake wa waliofungwa kwa kuua. Hakuna aliyewaambia wasameheane kwanza ndipo wapige. Walianza na pigo. Mila ni ileile pande zote mbili. Tofauti ni nani aliyeshika ufunguo.

Kuna namna nyingine ambayo haihitaji amri wala wafadhili, nayo ni ushindani. Usukumani makundi ya Bagika na Bagalu yamekuwa yakishindana vizazi na vizazi, na sikukuu ya Bulabo inapofika Bujora, pale Padri David Clement kutoka Kanada alipojenga kanisa na makumbusho kwa sura ya Kisukuma, pande mbili hupiga kwa wakati mmoja uwanja mmoja. Hakuna jaji. Watu huhama. Upande uliovuta umati ndio ulioshinda, na aliyeshindwa anarudi nyumbani kufanya mazoezi mwaka mzima. Hao hawamngoji mgeni rasmi. Akija atasukumwa kama wengine.

Hoja inayoweza kuletwa dhidi yangu ni nzito: kwa nini tubuni ngoma mpya wakati za Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali zinakufa? Naikubali nusu. Zipo ngoma ambazo hazipaswi kuingia katika mchanganyiko huu. Ngoma ya tambiko, ya kuapisha chifu, ya msiba, ina wenyewe na ina saa yake. Godfrey Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi wanaume walivyocheza matangani kwa ukali na kwa uhai, wakilia na kutamba palepale. Kitu hicho hakibebwi kikapelekwa kwenye gulio la Tunduma. Ziachwe na heshima zake, na watoto wa koo hizo wafundishwe na wazee wao. Lakini ngoma ya kabila haiwezi kubebeshwa kazi ambayo si yake. Mnyiha akipiga vizuri kabisa, Mkinga atabaki mtazamaji mwenye adabu. Mji wa wageni unahitaji ngoma ambayo kila mtu ameikuta haipo.

Hata utani utapata pa kukaa. Wabisa wa kalela waliimba kwa Kibemba, lugha ya mji ule, kusudi kila anayetaniwa aelewe, na Mitchell aliona kwamba kule kusimangana kwa makabila uwanjani kuliwasaidia watu wasiojuana kuishi pamoja. Tunduma tunao utani wa kutosha na lugha ya kuutania. Kiswahili chetu cha mpakani, chenye Kibemba na Kinyamwanga ndani yake, kinaeleweka sokoni Nakonde bila mkalimani.

Mambo ya utekelezaji si makubwa. Mtaala mpya wa shule za msingi, unaotumika tangu 2024, una somo la Sanaa na Michezo. Katika shule nyingi somo hilo linageuka kuwa kuchora bendera au kukimbia uwanjani, kwa sababu mwalimu hana vifaa na hakufundishwa. Kifaa kipo. Mji unaopitisha malori usiku na mchana haukosi mapipa, na machinjio haikosi ngozi; nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa. Wanaojua kuwamba wako Mbozi, Momba na Ileje, wamezeeka, wanangoja kuitwa. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, TaSUBa ya leo, na wahitimu wake wengine wanauza simu kwa kukosa kazi ya kufundisha. Mashindano ya UMITASHUMTA yana ngoma tayari, ingawa shule nyingi hukusanya kikundi wiki mbili kabla, hushindana, kisha hukivunja. Huo ni mtindo wa mgeni rasmi umevalishwa kaptura ya shule. Kundi la kweli lina mazoezi yasiyokuwa na tarehe ya maonyesho mbele yake.

Na hapa mpaka, ambao kwa kawaida tunauona kero, ungekuwa faida. Tangu 2019 Tanzania na Zambia zina kituo cha pamoja cha mpakani. Mzigo unakaguliwa mara moja badala ya mbili. Shule za Tunduma na Nakonde zinasikiana kengele. Kundi moja lenye watoto wa pande zote, Jumamosi hii huku na ijayo kule, halihitaji mkataba wa mawaziri. Linahitaji walimu wakuu wawili wanaoaminiana na ofisa uhamiaji mmoja mwenye watoto.

Kwa hiyo maombi yangu ni mafupi na nayapeleka kwa watu watatu. Mwalimu wa sanaa: anza na mdomo, leo, kabla ya ngoma kupatikana. Mzee unayejua kuwamba: usife na ujuzi huo, wala usiuze somo la kwanza, la pili ndilo ulipishe. Diwani: kundi likishasimama watu watakuja kukuomba lipige kwenye mkutano wako. Lipe eneo la mazoezi lenye kivuli na taa, hudhuria mazoezi mara moja bila kamera, na siku ya mkutano wako tafuta spika.